Chati Iliyo Nzuri Kupita Kiasi: Takwimu na Uaminifu wa Vipimo vya Maabara

Muuza viazi wa Soko la Kilombero, mjini Arusha, anatakiwa na sheria mizani yake ikaguliwe na Wakala wa Vipimo na kutiwa alama. Mnunuzi asipoiona alama hiyo ana haki ya kuuliza. Kilomita chache magharibi ya soko hilo, katika kata ya Olasiti, mama aliyempeleka mtoto mwenye homa kwenye zahanati huona tone la damu ya mwanawe likichukuliwa, hungoja kwenye benchi, kisha hupokea karatasi ndogo yenye neno moja au tarakimu mbili tatu. Kwa karatasi hiyo mtoto atapewa dawa au atanyimwa. Mama haulizi kama chombo kilichotoa jibu hilo nacho kilipimwa asubuhi ile, kwa sababu aghalabu hakuna aliyemwambia kwamba swali la namna hiyo lipo. Swali lipo, na jibu lake halihitaji hisabati ya juu kuliko ile inayofundishwa sekondari. Kinachohitajika zaidi ni tabia fulani ya ukweli ambayo, kwa bahati mbaya, shule zenyewe huivunja kabla mwanafunzi hajafika chuo cha maabara.

Hapana budi kwanza kuonyesha ni kitu gani kinachopotea kipimo kinapokosea. Mji wa Arusha uko chini ya Mlima Meru katika mwinuko wa mita 1,400 hivi, na malaria huko si ugonjwa wa kila nyumba kama ulivyo katika kanda ya Ziwa au pwani. Uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta kiwango cha maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Arusha kikiwa chini ya asilimia 1, hali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7 na kitu. Sasa ichukuliwe kwamba watu 1,000 wenye homa wamepimwa mahali pa namna hiyo, na kwamba 10 tu kati yao wana malaria kweli. Kipimo kinawagundua 9 kati ya hao 10, jambo ambalo si baya. Lakini kwa wale 990 wasio na malaria kipimo kinakosea mara 1 katika kila 10, na hivyo kinawaita 99 kati yao wagonjwa. Waliopewa jibu la kwamba wana malaria ni 108, na wenye malaria kweli ni 9. Mtu aliyeishika karatasi yenye neno hilo ana nafasi moja katika kumi na mbili ya kuwa nao ugonjwa. Mwanafunzi anayeifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza hudhani amekosea kujumlisha. Na airudie, ataona hakukosea.

Hesabu hiyo ni ya mfano tu, lakini mambo yenyewe yamepata kuonekana, tena kwa sura mbaya zaidi. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanywa Dar es Salaam, ambamo vioo vya damu 324 vilivyosomwa kwa hadubini katika vituo vya kawaida vilisomwa upya na mabingwa. Vituo vilikuwa vimesema asilimia 53 ya vioo hivyo vina vimelea vya malaria. Mabingwa walikuta vimelea katika vioo 7, yaani asilimia 2. Na hata hivyo 7, wasomaji wa kwanza walikuwa wamevitambua 5 tu. Wasomaji wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliosomea kazi yao, wenye foleni ndefu mlangoni, rangi ya kuchovya vioo iliyochakaa, na daktari aliyekwisha kuamua moyoni kwamba homa ni malaria. Kilichokosekana ni mtu au kitu cha kuwaonya kwamba wamepotoka.

Moshi, jirani ya Arusha, iliotoa upande wa pili wa habari hiyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa vipimo vya kina. Madaktari walikuwa wamewahesabu 528 kati yao kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Wengine walikuwa na bakteria katika damu, wengine chikungunya, wengine magonjwa yatokayo kwa mifugo kama homa ya mgunda, homa ya Q na ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa mtu wa Olasiti, ambako mji unakutana na malisho ya ng'ombe na mbuzi, magonjwa hayo si majina ya kitabuni. Anayetibiwa malaria asiyokuwa nayo hatibiwi kile alicho nacho.

Fikra ya kukidhibiti kipimo kwa takwimu haikuzaliwa hospitalini. Mwaka 1924 Walter Shewhart, mwanafizikia wa Marekani aliyefanya kazi katika kampuni ya vifaa vya simu, aliwaandikia wakubwa wake waraka wa ukurasa mmoja wenye mchoro. Alisema kwamba hakuna vitu viwili vinavyotoka kiwandani vikiwa sawa kabisa. Tofauti ndogondogo ni za asili na haifai kuzikimbiza. Kazi ni kujua ni tofauti ipi imepita zile za asili, maana hiyo ina sababu yake, na sababu hiyo yaweza kutafutwa ikapatikana. Maabara za tiba zilikuwa bado zimelala. Mwaka 1947 Belk na Sunderman walizigawia maabara za hospitali za jimbo la Pennsylvania sampuli zilezile, na majibu yaliyorudi yalitofautiana vibaya. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1950, Levey na Jennings wakauchukua mchoro wa Shewhart na kuuingiza katika upimaji wa damu. Mchoro huo ndio unaobandikwa hadi leo ukutani mwa maabara, au kuonekana kwenye kioo cha mashine.

Namna yake ni hii. Huchukuliwa majimaji ambayo kiasi cha kitu kinachopimwa ndani yake kinajulikana, mathalani sukari, nayo huitwa sampuli ya udhibiti. Hupimwa mara 20 au zaidi kwa siku mbalimbali. Hutafutwa wastani, na hutafutwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kando ya wastani. Iwapo wastani ni milimoli 5.6 kwa lita na mkengeuko sanifu ni 0.2, huchorwa mstari wa katikati penye 5.6, mistari ya tahadhari penye 5.2 na 6.0, na mistari ya kusimamisha kazi penye 5.0 na 6.2. Kila asubuhi, kabla ya damu ya mgonjwa yeyote, sampuli ya udhibiti hupimwa na nukta yake hutiwa katika mchoro. Mambo yakiwa ya kawaida, nukta 95 hivi katika kila 100 zitaangukia kati ya mistari ya tahadhari, na inayovuka mstari wa kusimamisha kazi itakuwa moja katika 370.

Mtu anayetazama mistari tu atadhani nukta iliyo ndani ni njema na iliyo nje ni mbaya. Hapo ndipo wengi hukomea, nao hukosa nusu ya faida. Na yatazamwe majibu haya ya siku kumi mfululizo: 5.7, 5.8, 5.7, 5.9, 5.7, 5.8, 5.8, 5.7, 5.9, 5.8. Hakuna hata moja lililogusa mstari wa tahadhari. Lakini yote kumi yako juu ya wastani. Sarafu ikirushwa mara kumi, nafasi ya kuangukia upande mmoja mara zote kumi ni moja katika 512. Hapana, kitu kimebadilika. Pengine siku ya kwanza ilifunguliwa chupa mpya ya vitendanishi, pengine taa ya mashine inazeeka. Wastani wa siku hizo ni 5.78, na kwa hiyo kila mgonjwa aliyepimwa ameongezewa karibu 0.2. Kwa mtu mwenye 4.8 si neno. Kwa mtu ambaye kabla ya kula ana 6.9 ni neno kubwa, kwa kuwa atasomeka 7.1, naye atakuwa amevuka mpaka wa 7.0 ambao Shirika la Afya Duniani limeuweka kwa ugonjwa wa kisukari. Kanuni za kusoma mwelekeo wa namna hii zilikusanywa mwaka 1981 na James Westgard na wenzake huko Wisconsin, na maabara nyingi za Tanzania zinazo kwenye vitabu vyao vya taratibu.

Kuwa nazo kitabuni ni jambo moja. Katika maabara nyingi, za nchi hii na za nchi tajiri vilevile, nukta ikitoka nje sampuli ya udhibiti hupimwa tena; ikitoka tena, hupimwa mara ya tatu; ikiingia ndani, huandikwa ile iliyoingia na zile mbili husahauliwa. Mkosaji hajioni mwongo. Hujiona ametengeneza. Lakini mchoro uliotengenezwa hivyo hauwezi tena kumwonya mtu, kwa kuwa kila onyo limefutwa kabla halijaandikwa.

Uzuri wa takwimu ni kwamba zinamfichua hata huyo. Maabara inayopima sampuli ya udhibiti mara mbili kwa siku hupata nukta 60 kwa mwezi. Ikiwa kila nukta ina nafasi ya asilimia 95 na nusu ya kuwa ndani ya mistari ya tahadhari, nafasi ya zote 60 kuwa ndani ni asilimia 6 tu. Miezi mitatu mfululizo bila nukta hata moja nje ni jambo la kutokea mara mbili tatu katika 10,000. Mkaguzi anayeonyeshwa chati safi ya miezi mitatu, isiyo na doa wala maelezo ya pembeni, asiisifu. Ama mistari imechorwa mbali mno, ama nukta zimepikwa. Chati ya kuaminika ina nukta zilizopotea, na kando ya kila moja pana maandishi ya mkono: umeme ulikatika usiku, jokofu lilipanda joto, chupa imebadilishwa, fulani amefundishwa upya.

Sababu za nukta kupotea si zilezile kila mahali, na Arusha ina zake. Sampuli nyingi za udhibiti huja zikiwa unga mkavu, na mfundi huziyeyusha kwa maji yaliyotoneshwa, tuseme mililita 5 kamili. Akipungukiwa na nusu mililita, sampuli nzima imeharibika na mashine italaumiwa bure. Akikosa maji yaliyotoneshwa akachota ya bomba, anaingiza jambo jingine. Maji ya miteremko ya Meru yamejaa floridi, ile ile inayotia meno ya wenyeji rangi ya kahawia. Na floridi hudhoofisha vimeng'enya, kikiwamo kile cha urease ambacho hutumika katika baadhi ya njia za kupima yurea ili kujua hali ya figo. (Sifa hiyohiyo ndiyo inayoifanya floridi itiwe kwa makusudi katika chupa za damu ya kupimia sukari, ili chembe hai za damu zisiile sukari kabla haijapimwa.) Asubuhi za baridi za Juni na Julai nazo zina lao, kwa kuwa kipimo cha vimeng'enya kinachotakiwa kufanyika katika nyuzi 37 hutoa jibu dogo kikifanyika katika nyuzi 33. Kitabu kilichoandikwa Ulaya hakimwambii mfundi wa Olasiti mambo hayo. Chati yake mwenyewe, akiitunza, itamwambia.

Yapo yanayoweza kufanyika hata pale sampuli za udhibiti zinapokuwa ghali au zimekwama bandarini. Mfundi mwangalifu anajua kwamba hemoglobini ikihesabiwa kwa gramu katika desilita na kuzidishwa mara 3, hupatikana tarakimu iliyo karibu na asilimia ya chembe katika damu, mradi chembe nyekundu ziwe za ukubwa wa kawaida. Siku ambayo kanuni hiyo inamkatalia mgonjwa mmoja, mgonjwa ndiye mwenye tatizo. Ikiwakatalia wote wa asubuhi, mashine ndiyo mgonjwa. Daktari Brian Bull wa Marekani aliieneza fikra hiyo mwaka 1974 kwa kutumia wastani wa wagonjwa wenyewe, ishirini kwa ishirini, kuwa kidhibiti cha mashine.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kipande cha plastiki, kina mstari wake wa udhibiti ndani, na wengi huona kwamba hapo suala limekwisha. Halijaisha. Mstari ule husema tu kwamba majimaji yamepita na rangi imeshika. Hausemi kama kipande hicho kilipikwa na jua siku tatu ndani ya lori, wala kama aliyekisoma alingoja dakika zilizoandikwa.

Tena hakuna anayeweza kujikagua peke yake siku zote. Mpango wa Taifa wa kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 na ambao kazi yake pamoja na Dakta Karel Styblo imekuwa kielelezo duniani, una desturi inayostahili kusifiwa kuliko inavyosifiwa. Vioo vya makohozi vilivyokwisha kusomwa huhifadhiwa. Baadhi huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka katika daftari. Husomwa upya na mtu asiyejua jibu la kwanza. Na tofauti hupelekwa kwa msomaji wa awali ili kosa lirekebishwe. Hakuna mashine ghali hapo. Pana sanduku la vioo, daftari, na mtu wa pili aliyefumbwa macho kuhusu jibu la kwanza. Kama vioo vya malaria vya Dar es Salaam vingalisomwa hivyo mwezi hadi mwezi, tofauti ya asilimia 53 na asilimia 2 isingalingojea watafiti.

Wasomaji wanakumbuka jinsi sampuli za siri zilivyopata kuwa habari ya dunia. Mwanzoni mwa Mei 2020 Rais John Magufuli alitangaza kwamba sampuli zilizochukuliwa katika papai, mbuzi na vitu vinginevyo, zikapewa majina ya watu, zilipelekwa katika maabara ya taifa kupimwa virusi vya korona, na baadhi zikarudi na jibu la kuwa na virusi. Mjadala uliofuata ulikuwa wa siasa zaidi kuliko wa sayansi, na hilo ni hasara. Kupeleka sampuli za siri ni njia halali. Ndivyo maabara zinavyopimwa ulimwenguni kote. Lakini sampuli hizo huwa zimeandaliwa ili zifanane na za mgonjwa, huwa nyingi za kutosha kuhesabika, jibu lake la kweli hujulikana kabla, na matokeo yote huandikwa pamoja na yale yaliyokuwa sahihi. Sampuli chache haziwezi kutenganisha kipimo kibovu, uchafu uliomwagikia meza siku moja, na bahati. Na upande wa pili, maabara yenye chati zake za kila siku, pamoja na nukta zake za sampuli zisizo na virusi, ingekuwa na la kuonyesha kabla hata ya kuulizwa. Nchi iliachwa ikichagua nani wa kumwamini, wakati ambapo ingeweza kuhesabu.

Maabara za Tanzania zimepiga hatua tangu Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha huko Kigali, mwaka 2009, mpango wa kuzipanda maabara za Afrika daraja kwa nyota, kutoka sifuri hadi tano. Nyota ni kitu kizuri. Lakini nyota hutolewa siku ya ukaguzi, na nukta hutiwa kila siku na mtu aliye peke yake saa moja asubuhi. Mtu huyo alijifunza wapi namna ya kuandika jibu lisilopendeza?

Alijifunza katika maabara ya shule, na alichojifunza ni kinyume. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaposhika bureti kupima asidi kwa besi, anajua kwamba usomaji wake watatu unapaswa kukaribiana, na anajua kwamba jibu lililo mbali na la mwalimu litamnyima alama. Basi hupima mara moja, hutazama daftari la jirani, na huandika mjazo wa pili na wa tatu kutoka kichwani. Darasa zima la wanafunzi 40 hutoa mililita 20.1 au 20.2, jambo ambalo kwa mikono 40 ya vijana na bureti zilizokwisha kuvunjika ncha ni muujiza. Mwalimu anaona, na kwa kuwa mtihani uko karibu na vitendanishi ni vichache, anapita. Si haki kumtupia yeye lawama yote. Mtindo wa kusahihisha ndio unaomlipa mwongo hodari na kumwadhibu mkweli mwenye mkono wenye kutetemeka. Miaka minne baadaye kijana huyohuyo amevaa koti jeupe katika zahanati, nukta yake imetoka nje, naye anajua la kufanya kwa sababu amelifanya tangu akiwa na miaka 16.

Alama zihamishwe, basi, kutoka kwenye jibu na kupelekwa kwenye maelezo ya jibu. Somo moja la vipindi viwili latosha kuanza nalo, na vifaa vyake ni pipeti ya mililita 10, mizani, bilauri na karatasi ya mraba. Kila kundi lipime mililita 10 za maji mara 20, kila mara likiandika uzito kwa wino na bila kufuta. Litafute wastani na mkengeuko sanifu, lichore mistari yake mitano, na kuibandika chati ukutani. Kwa wiki mbili zinazofuata mwanafunzi mmoja apime mara moja kila asubuhi na kutia nukta. Aliyepata gramu 9.4 wakati wenzake wana 9.9 aandike hiyo 9.4, aizungushie duara, na kueleza pembeni alichokiona: tone lililobaki kwenye ncha, mlango wa mizani uliokuwa wazi, haraka ya kengele. Alama za kundi zitoke kwenye maelezo hayo.

Na katika wiki ya pili, siku ambayo mwalimu ataichagua mwenyewe, pipeti ibadilishwe kwa nyingine iliyomeguka ncha kidogo, bila darasa kuambiwa lolote, ili ionekane ni asubuhi ya ngapi mtu atainua mkono.